Stima Ikirudi kwa Kishindo: Kijue Kifaa Kinachokulindia Televisheni, Simu na Friza

Sisi tunaokaa nje ya kisiwa, iwe ni Likoni, Kisauni ama Changamwe, twaijua sauti ya stima kurudi. Watoto mtaa mzima hupiga ukelele mmoja, "Imerudi!", na taa huwaka kama siku ya Idi. Kinachofuata huwa hakipigiwi ukelele. Kesho yake asubuhi watu hupanga foleni kwa fundi, huyu na televisheni iliyofungwa kwa shuka, yule na deki, mwengine na redio ya marehemu babake. Maneno ya wote ni yale yale: "Fundi, jana ilikuwa nzima."

Nina stashahada ya elektroniki, na kwa miaka mingi jirani wananiuliza swali hilo hilo kabla ya kwenda dukani: ni nini hasa kilichoungua? Jibu, mara nyingi, ni sehemu moja ambayo watu wengi hawaijui kwa jina. Mafundi huiita pawa saplai. Iliyo bora huitwa pawa saplai iliyodhibitiwa, yaani ile inayotoa umeme wa kiwango kimoja hata kama stima ya ukutani inapanda na kushuka. Leo nataka tuielewe kwa lugha yetu, kwa sababu pesa tunazopoteza kwa kutoijua ni nyingi, na wakati mwengine si pesa tu.

Stima yetu imetoka wapi

Umeme haukuanza jana pwani hii. Kwa mujibu wa historia inayoelezwa na Kenya Power wenyewe, mwaka 1875 Sultan Barghash wa Zanzibar alipata jenereta ya kuangaza kasri lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo akaileta hapa kisiwani, na ndipo ikazaliwa kampuni ya kwanza ya umeme ya Mombasa. Kwa hivyo stima ya nchi hii ina mizizi yake kwetu.

Leo mambo ni mengine. Mitambo ya dizeli iko Kipevu, hapo Changamwe, lakini nyumba yako imeunganishwa na gridi moja ya nchi nzima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikazimika. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kinachotokea mbali sana hukufikia wewe Mtongwe au Mwandoni kupitia waya huo huo unaochomeka friji yako.

Chombo hakili stima ya ukutani

Stima ya ukutani ni volti 240, nayo ni ya mawimbi: huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Vyombo vya elektroniki haviwezi kula chakula hicho. Simu yahitaji volti 5 kuchajiwa kwa chaja ya kawaida. Kisanduku cha intaneti chahitaji 12, ama 9. Vipande vidogo vya ndani, vile vinavyofikiri, vingi vyake vyahitaji volti 3.3 tu. Na zote zataka umeme ulionyooka, unaokwenda upande mmoja, usiotikisika.

Kazi ya pawa saplai ni kuchukua zile 240 zenye mawimbi na kuzigeuza kuwa hizo ndogo zilizonyooka. Katika ile ya zamani, hatua ni nne.

Ya kwanza ni transfoma, inayoshusha 240 hadi, tuseme, 12. Ya pili ni dayodi nne, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu, zinazolazimisha umeme uende mbele peke yake. Ya tatu ni kapasita. Hii ielewe kwa tangi la maji. Huku kwetu maji ya mfereji huja na kukatika, ndiyo maana kila mwenye uwezo ameweka tangi juu ya nyumba. Mfereji ukija tangi hujaa, ukikatika wateka kutoka tangini. Kapasita hufanya hivyo hivyo, ila hujaa na kupungua mara 100 kwa sekunde.

Hatua ya nne ndiyo yenyewe: regyuleta, yaani kidhibiti. Fikiria mtu aliyesimama kwenye bomba, mkono juu ya koki, macho kwenye ndoo. Ndoo ikipungua afungua zaidi, ikitaka kumwagika abana. Hachoki wala halali. Regyuleta ina kipimo chake cha ndani ambacho hakibadiliki. Hulinganisha umeme unaotoka na kipimo hicho, ikaona tofauti, ikarekebisha papo hapo. Kwa mafundi, kipande maarufu cha kazi hii ni 7805, chenye miguu mitatu, kinachotoa volti 5. Kaka yake 7812 hutoa 12. LM317 waweza kuipanga utakavyo kuanzia volti 1.25 na kuendelea juu.

Ukiikosa hatua ya nne

Adapta nyingi za zamani za bei rahisi ziliishia hatua ya tatu. Zimeandikwa volti 12, lakini ukizipima bila kuunganisha kitu waweza kukuta 16 ama 17. Ukiunganisha chombo ndipo zinashuka karibu na 12.

Sasa tia na stima yetu. Jioni watu wote wanapowasha, volti za ukutani zikishuka kutoka 240 hadi 180, zimepungua kwa robo. Adapta isiyodhibitiwa nayo hushuka kwa robo, kutoka 12 hadi 9, na kisanduku chako cha intaneti kitazima na kuwaka, kuzima na kuwaka, nawe utalaumu kampuni ya intaneti. Usiku wa manane watu wamelala, volti zikipanda hadi 290, adapta hiyo hiyo hutoa 14.5. Chombo cha volti 12 kitavumilia siku mbili tatu, kisha kitakufa, nawe utasema ni jicho la watu.

Yenye kidhibiti ingetoa 12 katika hali zote mbili, maadamu imetengenezwa kwa nafasi ya kutosha. Regyuleta ya aina ya 7805 yahitaji kuingizwa kama volti 7 au zaidi ili itoe 5. Haiwezi kutoa maji ambayo hayakuingia tangini.

Za moto na za kukatakata

Kuna koo mbili za pawa saplai zilizodhibitiwa.

Ukoo wa kwanza ni huo wa regyuleta ya miguu mitatu. Ni mtulivu na haupigi kelele kwenye sauti, ndiyo maana bado wapendwa katika redio, mashine za kupimia na sehemu za kipaza sauti. Ubaya wake ni joto. Ukiiingizia volti 12 itoe 5 kwa ampia 1, volti 7 zilizobaki zageuka moto: wati 7 zapotea ili upate wati 5 za kazi. Ndiyo maana hufungwa kwenye bamba la alumini la kupozea, na ndiyo maana ukiigusa huungua kidole.

Ukoo wa pili ndio uliojaa majumbani leo: chaja za simu, televisheni bapa, kompyuta, deki. Huu hauanzi kwa kushusha. Huchukua zile 240, huzinyoosha kwanza zikawa karibu volti 340, kisha huzikatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzipitisha katika transfoma ndogo kama kidole gumba. Kidhibiti hukaa kikiamua kila kipande kiwe kirefu au kifupi kiasi gani. Haupotezi sana, ni mwepesi, na mara nyingi hukubali stima ya kuanzia 100 hadi 240. Kwa hivyo usishangae taa ikififia na simu ikaendelea kuchaji. Ubaya wake ni kuwa ule wa bei ya kutupa huvuruga mawimbi ya redio. Weka chaja mbovu karibu na redio ya mzee usikie mkwaruzo.

Zinatumika wapi hapa kwetu

Msikitini. Ule mvumo unaosikika kwenye spika kabla ya adhana, "mmmmm", mara nyingi ni kapasita za pawa saplai ya amplifaya zilizozeeka. Tangi limetoboka, mawimbi yapita mpaka kwenye sauti. Kamati nyingi hununua amplifaya mpya ilhali kapasita mbili na kazi ya nusu saa zingetosha.

Kwenye bodaboda. Pikipiki huzalisha umeme wa mawimbi, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo unavyopanda. Kile kipande chenye mapezi ya alumini ambacho mafundi hukiita regyuleta huunyoosha na kuushikilia karibu volti 14. Kikifa, taa ya mbele huungua kila ukikaza mwendo, na betri huchemka. Kijana hubadilisha balbu tano kabla hajaambiwa ugonjwa ni upi.

Kwenye sola. Paneli inayouzwa kuwa ya volti 12 hufanya kazi karibu na 18 jua likiwaka, na isipounganishwa hupita 21. Betri ya risasi ya volti 12 haitaki hayo. Yataka kupandishwa kwa utaratibu hadi kama 14.4, kisha kuwekwa karibu na 13.8. Kisanduku cha kudhibiti chaji ndicho hufanya hivyo, na kilicho kizuri hukata pia betri isinyonywe ikaisha kabisa. Mwenye kuunganisha paneli moja kwa moja na betri anainunua betri mpya bila kujijua.

Dukani na barabarani. Kamera za usalama nyingi hula volti 12. Minara ya simu hutumia pawa saplai kubwa za volti 48 zenye betri, ndiyo maana mtaa waweza kuzimika na simu ikaendelea kuwa na mtandao kwa muda.

Hospitalini na zahanati. Mashine ya kumpa mgonjwa oksijeni, kitanda cha joto cha mtoto njiti, mashine ya kupima moyo, zote ndani yake zina pawa saplai iliyodhibitiwa. Friji za chanjo zatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, na haifai ziachiwe stima inayoyumba. Hapa kosa la volti si hasara ya shilingi elfu mbili.

Adui mkubwa: waya wa nyutro

Sasa nifikie jambo ambalo natamani kila mwenye nyumba na mpangaji alijue. Transfoma ya mtaani hutoa laini tatu na waya mmoja wa nyutro. Kati ya laini na nyutro ni 240. Kati ya laini na laini ni 415. Kila nyumba ya kawaida hupewa laini moja na nyutro, na nyutro ndiyo inayoziweka nyumba zote sawa.

Waya huo wa nyutro ukikatika au ukilegea kwa kutu, na chumvi ya bahari haimwonei mtu haya, nyumba zilizo kwenye laini tofauti hujikuta zimegawana zile 415 bila hakimu. Aliyewasha vitu vingi, anayepiga pasi na kuchemsha maji, hupata kidogo. Aliyewasha televisheni peke yake hupata kingi. Ile kapasita kubwa ndani ya televisheni kwa kawaida imetengenezwa kuvumilia volti 400 ama 450. Stima ya 415 ikinyooshwa hukaribia 590. Mlio wa "paaa!" ndio huo.

Mtaani kwetu jambo hili lilimpata mama mmoja anayeuza samaki na barafu za ukwaju. Taa za chumbani ziling'ara kama mchana, za jirani yake zikafifia kama kibatari. Aliona ni baraka, stima leo ina nguvu. Katika dakika chache televisheni na chaja mbili zilikwenda. Friza ilipona, kwa sababu ilikuwa imechomekwa kwenye kisanduku cha kulinda, nacho kilikata mapema. Samaki wa siku hiyo ndio mtaji wake wote na karo ya mtoto, kwa hivyo kisanduku kile kilimwokolea biashara.

Shika alama hii: baadhi ya taa mtaani zikiwaka sana na nyingine zikififia kwa wakati mmoja, zima swichi kubwa ya nyumba hapo hapo. Usingoje. Kisha arifu kampuni ya umeme na uwaambie na jirani wazime.

Visanduku vitatu, kazi tatu

Watu huvichanganya, na wauzaji wengine hawasaidii.

Kisanduku cha kukata stima, kile kinachouzwa kwa friji na televisheni, hakirekebishi chochote. Ni bawabu. Volti zikipita mpaka, juu au chini, hufunga mlango, na zikirudi sawa husubiri dakika chache ndipo hufungua. Kusubiri huko si ubovu, kunaipa mashine ya friji nafasi ya kutulia. Friji huumia zaidi volti zikiwa chini, kwa sababu mota hushindwa kuzunguka, ikavuta umeme mwingi na kuungua.

Stabilaiza ndiyo inayorekebisha. Ikiingia 190, yenyewe hupandisha ikatoa karibu na 240. Ni nzito na bei yake ni kubwa zaidi. Kama mtaa wenu volti ziko chini kila jioni, bawabu peke yake atakufungia mlango usiku kucha, kwa hivyo wahitaji stabilaiza.

Cha tatu ni chenye betri, kinachotumiwa na kompyuta. Hukupa dakika za kuhifadhi kazi stima ikipotea. Si cha kuendeshea friza.

Ukienda kununua adapta

Soma ile ya zamani kabla ya kuitupa. Volti lazima ziwe sawa kabisa na zilizoandikwa kwenye chombo. Ampia ziwe sawa au zaidi; zikizidi hakuna madhara, kwa sababu chombo huchukua kinachohitaji tu, lakini zikipungua adapta itapata moto. Angalia kile kichoro cha duara kinachoonyesha chanya iko ndani au nje ya kichwa cha waya, maana ukigeuza waweza kuua chombo kwa mara moja.

Tafuta nembo ya KEBS, na ujue kuwa nembo nayo huigizwa, kwa hivyo nunua kwa mtu ambaye kesho utamkuta. Chaja ya bei ya kutupa kosa lake kubwa si kuharibu simu. Kosa lake ni kuwa ule ukuta wa ndani unaotenganisha zile 240 na waya wa simu ni mwembamba au haupo. Mtoto anayelala na simu inayochaji kifuani yuko upande wa pili wa ukuta huo. Chaja ikiwa moto hata hushikiki, ikilia, ama ikinuka, itoe na usiirudishe.

Na wale vijana wanaopenda kufungua vitu: televisheni iliyochomolewa si televisheni iliyokufa. Kapasita yake kubwa hubaki na umeme baada ya kuchomolewa, nao hauulizi umri.

Kwa vijana na kwa wakubwa

Kuna pawa saplai moja ambayo ningependa kuiona katika kila karakana ya vijana: ile ya mezani, unayoizungusha kutoka volti 0 hadi 30, na kuweka kikomo cha ampia. Fundi wa simu akiunganisha simu iliyokufa kwenye mashine hiyo, huangalia sindano tu. Ikivuta umeme mwingi kabla hata hajabonyeza kitufe, kuna mahali pameshikana. Isipovuta kabisa, kuna njia iliyokatika. Ikivuta kidogo na kupanda inapowashwa, bodi ina uhai. Na kile kikomo huzuia kosa dogo lisiwe moto. Asiyeweza kuinunua anaweza kuchukua pawa saplai ya kompyuta kuukuu, ambayo tayari yatoa volti 12, 5 na 3.3.

Elimu hii si ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, TUM, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ile wazee wetu walioijua kwa jina la MIOME, ikiwa na msaada wa Sultan wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora miongoni mwa wengine. Waliotoa mali zao walitaka kijana wa pwani ashike ufundi. Leo kijana wa Timbwani au Magogoni anaweza kujifunza kutengeneza pawa saplai kwa vifaa vya pesa kidogo, na kazi haimwishii, maana stima yetu twaijua.

Wenye nyumba za kupangisha nao wana deni. Kodi ya kila mwezi yapaswa kuhesabiwa pamoja na waya wa ardhi uliozikwa sawasawa, na viungo vya nyutro kukaguliwa na fundi mwenye leseni, si ndugu wa jirani mwenye koleo. Kamati za misikiti na madrasa zilizo na amplifaya, kompyuta na friji ya maji zikague zao kabla ya kuchangisha pesa za vyombo vipya.

Wewe msomaji, anza leo na dogo lisilogharimu kitu. Zunguka nyumbani, ushike kila adapta iliyochomekwa kwa sasa, na usome kilichoandikwa. Iliyo moto kupita kiasi, iliyopasuka, isiyo na maandishi, ichomoe. Na stima ikipotea usiku huu, chomoa televisheni na friji kabla ya kulala, na ikirudi wape watoto ukelele wao, kisha ngojea dakika tano ndipo uvichomeke.